Sahani ya siku ya vyuma si sahani ya siku ya mchakamchaka

Kwenye kikundi chetu cha mazoezi hapa Moshi kuna swali linalotangulia hata habari za nyumbani: umepungua kilo ngapi? Anayejibu tano hupigiwa makofi. Anayejibu kwamba hajapungua hata moja huambiwa aache ugali wa usiku. Wengi wetu ni wastaafu, walimu, wauguzi, watu wa halmashauri na wa benki, tumevuka sitini, na karibu kila mmoja alianza mazoezi siku alipoambiwa kliniki kwamba presha imepanda au sukari inanyemelea. Tulitumwa kupunguza uzito, tukaipokea kazi hiyo kama tulivyozipokea za ofisini: lengo moja, tarakimu moja, taarifa kila mwezi.

Nina ugomvi na tarakimu hiyo. Nilikuwa mhasibu mpaka nilipostaafu kwa mujibu wa sheria nikiwa na miaka 60, na kazi ile ilinifundisha kwamba jumla inaweza kuwa sahihi huku hesabu ikiwa mbovu. Kilo tano zilizotoka zimetoka wapi? Kwenye mafuta ya tumboni, au kwenye nyama ya mapaja? Mizani haisemi. Na kwa watu wa umri wetu, mmoja akipoteza mafuta na mwingine akapoteza misuli, watapongezwa sawasawa leo, ila baada ya miaka michache mmoja atainuka mwenyewe kwenye kochi na mwingine atainuliwa.

Misuli huanza kupungua taratibu tangu miaka ya thelathini, wastani wa asilimia 3 hadi 8 kwa kila miaka kumi, na ukishavuka sitini kasi inaongezeka. Nguvu nazo huondoka upesi kuliko nyama yenyewe. Sasa mtu anayepunguza chakula bila kubeba kitu kizito anaisukuma ile ile inayoondoka. Mara nyingi karibu robo ya uzito unaotoka kwa kujinyima peke yake si mafuta. Kijana anaweza kuirudisha hiyo robo. Sisi kuirudisha ni kazi kubwa.

Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2017 ambao huwa nauleta kila mabishano yanapopamba moto. Daktari Dennis Villareal na wenzake waliwachukua wazee 160 wanene. Waliopewa mazoezi wote walipunguza pia chakula, lakini kundi moja lilifanya mazoezi ya pumzi tu, yaani kutembea kwa kasi, baiskeli na ngazi. Jingine lilibeba vyuma tu. La tatu lilifanya vyote. Uzito ulishuka karibu sawa kwa makundi yote matatu, kama asilimia 9. Ukiwapanga kwenye mizani huwezi kuwatofautisha. Lakini mwili usio na mafuta ulipungua kwa asilimia 5 kwa wale wa pumzi peke yake, asilimia 2 kwa wa vyuma, na asilimia 3 kwa waliochanganya. Na waliochanganya ndio waliokuja kuzidi wote katika mambo ya kawaida kabisa: kupanda ngazi, kuokota kitu sakafuni, kuvaa koti.

Basi hayo ndiyo mazoezi ninayofanya. Jumanne na Ijumaa navibeba vyuma kwenye jimu ya mtaani kwetu, chumba kimoja chenye vioo viwili na muziki wa sauti ya juu mno. Siku nyingine natembea kwa kasi, na Jumamosi ni mchakamchaka wa kikundi. Mwalimu wetu wa jimu ni kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho. Huniamkia shikamoo kisha ananiongezea uzito. Nampenda kwa hilo. Wengine wanapomwona mtu mwenye mvi humpa dambeli za kilo moja na kumwambia apumzike.

Ila mazoezi si shida yetu kubwa. Watu wa rika langu wakishaamua kuamka, wanaamka. Shida iko jikoni. Tunabadilisha miguu, sahani tunaiacha vile vile, au tunaikata nusu kwa mkono mmoja: ugali nusu, nyama nusu, maharage nusu, kana kwamba vyote vina kosa sawa.

Nianze na asubuhi, maana huko ndiko hesabu inakoharibikia. Chai ya maziwa na vipande viwili vya mkate, au chai na chapati, au chai na kiazi. Hicho ndicho kifungua kinywa cha nyumba nyingi ninazozijua kuanzia Rau hadi Pasua. Protini yake haifiki gramu 10. Mchana ni wali na mboga za majani na maharage kijiko kimoja cha kuchovyea. Halafu usiku, familia ikiwa imekusanyika, ndipo nyama au samaki anapotokea, na tunakula tukiwa tunasinzia. Ukijumlisha siku nzima labda hujafanya vibaya sana. Tatizo ni mpangilio. Mwili una mahali pa kuweka mafuta ya akiba mpaka uchoke. Protini ya ziada hauwekei akiba namna hiyo. Kilichozidi usiku hakingoji kesho mchana.

Na hapo umri unaingia kwa namna ambayo vijana hawaijui. Misuli ya mzee imekuwa mizito ya kusikia. Kijana akila protini ya robo gramu hivi kwa kila kilo ya uzito wake katika mlo mmoja, misuli inaamka na kuanza kujijenga. Mtu wa umri wangu anahitaji karibu gramu 0.4 kwa kilo ili apate mwitikio ule ule. Mimi nina kilo 68, kwa hiyo ni kama gramu 27 kwa mlo. Chini ya hapo mlo unashibisha bila kujenga sana. Kwa siku nzima, wataalamu wa lishe ya wazee wanapendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa kilo kwa mzee mwenye afya, na anayefanya mazoezi afike 1.2 au zaidi. Kipimo cha zamani cha 0.8, ambacho bado kinazunguka kwenye mabango, kiliwekwa kwa watu wazima wote kwa ujumla. Kwangu 1.2 ni gramu 80 na ushei.

Gramu 80 zinaogopesha ukizisikia, kisha unazigawa. Yai moja lina gramu 6. Glasi ya maziwa mgando ina kama 8. Kikombe cha maharage yaliyoiva ni 15. Karanga za kujaza kiganja, gramu 30 hivi, ni 7. Nyama ya ng'ombe iliyopikwa, gramu 100, inatoa 25 au zaidi kidogo. Samaki yuko jirani na hapo. Na dagaa wakavu, wale tunaowadharau mgeni akija, karibu gramu 60 katika kila gramu 100. Kiganja cha dagaa kikavu kinawazidi mayai mawili, na kalsiamu ya miiba yao unaipata bure. Nenda Soko la Mbuyuni ukaone wanavyomwagwa kwenye magunia, halafu uniambie kwa nini mstaafu anunue kopo la unga wa protini wenye picha ya kijana aliyevimba mabega.

Hayo makopo nina neno nayo kidogo. Si sumu. Kwa mtu asiyeweza kutafuna, au aliyetoka kulazwa, yanaweza kusaidia. Lakini kuna kazi moja ya zamani iliyofanyika Boston ambayo wauzaji hawatakusimulia. Maria Fiatarone na wenzake, mwaka 1990, waliwafundisha kubeba uzito kwa miguu wazee wa makao ya kutunzia wazee, wenye miaka 86 hadi 96, na katika wiki nane nguvu zao zilipanda kwa wastani wa asilimia 174. Watu wa miaka tisini! Mwaka 1994 wakarudia kwa wakazi 100, safari hii wengine wakipewa mazoezi, wengine kinywaji cha lishe, wengine vyote, wengine hakuna. Waliofanya mazoezi nguvu zao ziliongezeka zaidi ya maradufu. Kinywaji peke yake hakikufanya lolote. Na jambo lililonivutia zaidi ni hili: ni wale tu waliofanya mazoezi pamoja na kunywa kinywaji ambao chakula chao cha siku kiliongezeka kwa dhati. Wengine walikunywa kinywaji wakapunguza chakula cha mezani. Nalijua hilo kwa mama yangu mzazi: ukimpa uji wa lishe saa kumi, cha usiku hagusi.

Njaa ya uzeeni haiaminiki. Kijana akikimbia kilomita kumi anarudi anatafuta sufuria. Sisi tunarudi, tunakunywa chai, tunasema tumeshiba. Kwa hiyo huwa sisubiri njaa inipangie.

Asubuhi yangu sasa ni mayai mawili, glasi ya mgando na karanga, au kiporo cha maharage kilichopashwa moto pamoja na yai moja. Kiporo cha maharage na chai ya tangawizi ni kifungua kinywa ambacho bibi zetu walikula bila kuhitaji utafiti wa mtu. Chapati haijafukuzwa nyumbani, imehamishwa siku; nitaifikia.

Lakini kuna jambo zito kuliko hesabu hizi, na sijaona likiandikwa. Katika nyumba zetu, bibi hali nyama. Haimaanishi hakuna nyama. Sufuria ikifunguliwa, mnofu mkubwa unakwenda kwa mzee, unaofuata kwa mgeni, watoto wanagawiwa, na bibi anajipakulia mchuzi na mfupa. Mjukuu akimaliza cha kwake anakodolea macho sahani ya bibi, na bibi anamwambia, "Chukua mwanangu, mimi meno hayataki." Ni upendo, sitaki kuubeza. Mtoto naye anahitaji. Ila kama bibi huyo ndiye anayebeba vyuma siku ya Ijumaa, mwili wake unaambiwa ujenge bila kupewa cha kujengea. Nyumbani kwangu nililitatua kwa kupakua kwanza sahani yangu na kuikalia. Wifi yangu alishangaa. Alishangaa zaidi nilipomwambia kwamba mjukuu ataongezewa yai, na mfupa apewe mzee.

Na habari ya meno ni kweli, si kisingizio siku zote. Mwenye mapengo anaacha nyama, anaacha karanga, anabaki na ugali laini na chai. Hapo ndipo mapishi ya Uchagani yanapokuwa na akili. Mtori unapikwa kwa ndizi na nyama kisha unapondwa. Ule tunaompa mzazi aliyejifungua unamfaa pia babu asiye na magego, ilimradi nyama isitolewe kabla ya kuponda. Kiburu ni ndizi na maharage pamoja. Makande nayo yana faida isiyoonekana: protini ya mahindi ina upungufu wa aina moja ya viini vya kujengea mwili, ya maharage ina upungufu wa aina nyingine, na zikikutana sufuriani zinafidiana. Ugali na maharage vivyo hivyo. Ugali mtupu na mchicha, hata uwe mlima, haufiki.

Sasa siku za vyuma na siku za mchakamchaka. Watu wengi wanazifanya sawa. Wakitoka jasho wanaamini wamechoma, wakichoma wanaamini wamelipia. Saa moja ya vyuma kwa mwanamke wa umri wangu haichomi kiasi hicho. Unanyanyua, unapumzika dakika mbili, unapiga soga, unanyanyua tena. Anayetoka hapo akapitia chipsi mayai njiani amekula mara mbili au tatu ya alichotumia. Siku ya vyuma kwa hiyo siongezi chakula kwa wingi. Nahakikisha tu kwamba milo yote mitatu ina ile protini ya gramu 25 kwenda juu, bila mlo hata mmoja kukosa. Wanga unabaki wa kawaida, ukitoa Ijumaa usiku. Kuhusu kukimbilia kula ndani ya nusu saa, kama vijana wa jimu wanavyofanya wakiwa na chupa zao za kutikisa, sina haraka hiyo. Misuli iliyofanyishwa kazi inabaki na mlango wazi kwa siku nzima na zaidi. Nikinyanyua saa tatu asubuhi nikala saa saba mchana samaki na kunde, sijakosa kitu. Kinachokosesha ni kunyanyua baada ya chai ya rangi, kula wali mtupu mchana, na kuahirisha mpaka usiku.

Pia sibebi vyuma nikiwa na tumbo tupu kabisa. Ndizi mbivu moja inatosha. Vijana wanajaribu kila kitu na miili inawasamehe. Mzee akizunguzwa na kizunguzungu akiwa na chuma mgongoni, anayeumia ni nyonga, na nyonga iliyovunjika kwa umri huu si habari ya kusimulia kwa kicheko.

Siku za kutembea za kawaida, dakika arobaini au saa moja, hazihitaji chochote cha ziada. Kilomita tano za kutembea zinanitumia kama kalori 250, na chapati moja ya mafuta inazirudisha zote. Siku hizo nacheza na saa tu. Natembea baada ya kula. Loretta DiPietro na wenzake kule Washington walionyesha mwaka 2013 kwamba wazee wanaotembea dakika 15 baada ya kila mlo sukari yao inatulia, hasa ile ya baada ya chakula cha jioni ambayo huwa inasumbua usiku. Mimi na mzee wangu tunazunguka mtaa baada ya chakula cha usiku, majirani wanadhani tumeanza upya uchumba.

Jumamosi ni siku ya wanga, na hapa ndipo nakosana na wanakikundi waliokula kiapo cha kuacha ugali. Huwezi kukimbia kilomita 15 kwa mayai. Nguvu ya kukimbia muda mrefu inatoka kwenye sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini, na akiba hiyo ikikaribia saa moja na nusu ya mwendo mkali inaanza kuisha. Mtu aliyekata ugali wiki nzima anaanza na akiba pungufu, na kwenye kilima anageuka jiwe. Wenzake wanasema ni umri.

Ijumaa usiku basi chapati inarudi. Au wali, au ndizi za kutosha, na protini ile ile pembeni. Asubuhi ya Jumamosi, saa moja na nusu kabla ya kutoka, kiazi kitamu au vipande vya mkate na chai yenye sukari. Ndiyo, yenye sukari. Sina kisukari, na sukari ile inakwenda barabarani. Mafuta mengi na maharage sigusi asubuhi hiyo, sababu wanaokimbia wanaijua. Tukizidi saa moja na robo njiani nakuwa na ndizi au tende mfukoni. Ndizi mbivu kubwa ina wanga gramu 25 hadi 30, na kiasi hicho kwa saa kinamtosha mtu wa mwendo wangu. Nikirudi ndipo mlo mkubwa wa wiki unapokuja, wenye vyote: wanga wa kujaza akiba, protini ya kukarabati, mchuzi wenye chumvi ya kufidia jasho. Supu ya kuku wa kienyeji na ndizi ndani haina mpinzani.

Wanaojiandaa na Kilimanjaro Marathon mtanielewa. Mashindano hayo yanafanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, joto la Moshi likiwa limekaza kabla ya masika, na anayekwenda nusu marathoni anatoka Chuo cha Ushirika na kupanda kuelekea Mweka. Kupanda huko kunamaliza akiba haraka kuliko kilomita zinavyoonyesha. Na mara nyingi Kwaresima inaangukia humo humo. Sisi tunaofunga tunatakiwa kupanga mapema: siku za kukosa nyama zijazwe na samaki, mayai, maharage na maziwa, na mchakamchaka mrefu usiwekwe siku ya kufunga. Wenzetu Waislamu wa kikundi wanafanya kwa ustadi zaidi yetu. Mwezi wa Ramadhani wanahamishia vyuma baada ya futari, matembezi wanayafanya mepesi jioni jua likikaribia kuzama, na daku yao ina mayai na mtindi badala ya uji mtupu. Shoga yangu mmoja alimaliza Ramadhani nguvu zake zikiwa pale pale, huku mimi Kwaresima yangu ikiwa bado na wiki.

Maji ni habari fupi yenye madhara marefu. Kiu nayo inadhoofika na umri, na wengi wetu tuna sababu ya kuyakwepa: hatutaki kuamka usiku mara tatu. Suluhisho ni kuyanywa mapema, mengi kabla ya saa tisa alasiri, na kupunguza jioni. Anayetumia dawa za presha za kutoa maji aulize daktari wake kabla ya mbio ndefu za joto, kwa kuwa dawa na jasho vyote vinavuta upande mmoja.

Na hapa nitakuwa mkali. Kwenye kikundi chetu wapo wanaomeza dawa za sukari na kukimbia bila kula ili "wachome zaidi". Metformini peke yake kwa kawaida haishushi sukari mpaka ya hatari. Glibenklamaidi inashusha, na insulini inashusha, na mazoezi yenyewe yanashusha, na vikikutana kwenye tumbo tupu mtu anaanza kutoka jasho baridi, kutetemeka, kuongea maneno yasiyoeleweka. Kama anatumia pia dawa ya presha ya kundi la atenololi, kutetemeka na moyo kwenda mbio vinaweza kufichika, yakabaki jasho na kuchanganyikiwa tu, na sisi tukadhani amechoka. Mwenye dawa hizo abebe kitu cha sukari mfukoni na ratiba yake ya kula aipange na kliniki, si na mimi wala na mwalimu wa jimu. Mwenye ugonjwa wa figo pia: hesabu yangu ya gramu 80 si yake. Figo zilizodhoofika zinaweza kulemewa na protini nyingi, na kiasi chake kinawekwa kwa vipimo.

Desemba sitaijadili kwa urefu. Ukoo unapanda mlimani, mbuzi wanachinjwa, kisusio kinachemka asubuhi, mbege inazunguka kwenye kibuyu, na hakuna mwanadamu atakayepima gramu. Protini ipo tele kuliko mwezi wowote. Naomba tu mbege isikae mahali pa maji siku ya kukimbia, maana pombe nyingi baada ya mazoezi inapunguza ujenzi wa misuli, na nabeba vyuma vya maji, ndoo mbili mbili kutoka bombani kwa mama mkwe, ambazo hazina tofauti kubwa na zile za jimu.

Kuna maneno ambayo mwenye mvi anayefanya mazoezi atayasikia kwenye kila msiba na kila harusi: "Mbona umekonda, unaumwa?" Kwetu unene wa mzee ni ushahidi kwamba watoto wanamtunza. Niliwahi kuambiwa hivyo mwezi ambao uzito wangu haukusogea hata kidogo, ila gauni lilikuwa limelegea kiunoni na kubana mabegani. Sikubishana. Nilimwomba aliyeuliza anisaidie kunyanyua sufuria la pilau, tukalinyanyua, akanyamaza.

Hata hivyo swali lile lina hekima upande mmoja. Mzee akikonda bila kukusudia ni dalili, na ugonjwa ndio mwizi mkubwa wa misuli kuliko uvivu. Watafiti wa Marekani waliwalaza kitandani wazee wenye afya njema kwa siku kumi tu, bila ugonjwa wowote, wakala na kupumzika. Walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Siku kumi! Mimi malaria ilinilaza karibu wiki, hamu ya kula ikapotea, na nilipoamka ngazi za benki zilikuwa ndefu. Sikurudi jimu kwanza. Nilirudi jikoni: mtori mwepesi wenye nyama iliyosagwa, mgando mara kwa mara kwa vikombe vidogo, yai kwenye uji. Kisha kuinuka na kukaa kwenye kiti, sebuleni, kabla ya kila mlo. Vyuma vilifuata baadaye, nusu ya uzito niliouacha, na mchakamchaka ukawa wa mwisho kabisa kurudi, kinyume na wenzangu wanaoanza na mbio ili "watoe sumu".

Mwalimu wa jimu anataka nipandishe uzito wa miguu baada ya msimu wa mvua, na pamoja nao nisogeze protini kuelekea gramu 90. Nimemwambia asubiri. Mwezi ujao nina vipimo vya figo, na majibu hayo ndiyo yatakayoamua kama dagaa waongezwe au wabaki walivyo.